Jibu la Kando ya Kaburi

Huko Gorong'a watu hawajazoea mazishi yanayoanza kwa wakati, ndiyo maana siku ya kumzika Deus nusu ya kijiji walifika wakakuta jeneza limeshateremshwa. Jeshi lilisema saa saba, na saa saba kamili bendera ikakunjwa na risasi za heshima zikapigwa hewani. Ng'ombe wa jirani wakakata kamba wakakimbilia mtoni. Wazee waliokuwa bado nyumbani wakitafuta koti la heshima walisema baadaye kwamba habari za mazishi waliletewa na ng'ombe.

Robi alikaa upande wa wanawake, karibu na turubai, mahali ambapo angeweza kumwona mumewe bila kuonekana anamtazama. Koplo Filemoni alisimama na wenzake watano waliosindikiza mwili, mgongo umenyooka, macho hayamtazami mtu. Yeye na Deus walitahiriwa msimu mmoja, wakaingia jeshini mwaka mmoja, wakapelekwa misheni moja, kwenye nchi ya jirani yenye vita ambavyo kila mtu hapo kijijini alikuwa amevisikia redioni na hakuna aliyeweza kuvieleza. Sasa mmoja alikuwa ndani ya sanduku na mwingine juu ya udongo, na kati yao palikuwa na futi sita tu.

Luteni aliyeongoza msafara alisoma wasifu wa marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusoma karatasi kama hiyo sehemu nyingine. Alipofika mwisho akasema kwamba marehemu amefariki dunia akiwa katika kutekeleza majukumu yake.

"Majukumu ni ugonjwa gani?" akauliza Teresia, mama wa marehemu.

Kuna waliotaka kucheka, wakajizuia. Teresia alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na hakuwa anafanya utani. Luteni akaikunja karatasi mara mbili zaidi ya ilivyohitaji.

"Mama, pole sana. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sijauliza ilivyoandikwa, mwanangu. Wewe ulikuwepo?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Filemoni, mura, kijana wetu, sogea hapa."

Ukoo wa kina Deus una desturi yake, na haijali cheo. Ilianza zama za kufuata ng'ombe, vijana kumi walipokuwa wakivuka milima na kurudi tisa. Kabla udongo haujarudishwa, mama humwita aliyesafiri na mwanawe na kumuuliza mbele ya watu: ulimwacha wapi mwenzako? Aliyesafiri naye hujibu. Akinyamaza, watu huchukulia kwamba alimkimbia au kuna jambo baya zaidi, na kuanzia siku hiyo nyumba hizo mbili haziombani moto wala hazilishani.

Robi alijua kwamba Filemoni amekatazwa. Alikuwa amemwambia asubuhi ile ile, akifunga kamba za viatu: "Tumesaini wote. Mambo ya kule hayasemwi." Akajua pia kwamba atasema, kwa sababu alimwona akivua kofia.

"Mama," alisema Filemoni, "tulikuwa kumi na mmoja juu ya kilima. Deus alipigwa risasi ya paja Jumanne asubuhi. Hakufa Jumanne. Tuliomba helikopta kwa redio, tukaambiwa subirini. Jumatano tukaomba, tukaambiwa subirini. Alhamisi betri ya redio ikaisha, ikawa tunasubiri bila hata wa kutuambia. Alikufa Alhamisi mchana, kichwa chake kikiwa hapa." Akagusa goti lake. "Sikumwacha. Nilimbeba mimi."

"Alisema nini?"

Luteni alikuwa amesimama tena. "Koplo," aliita, taratibu.

"Aliniuliza, 'Filemoni, hivi hawa tunaopigana nao walitufanya nini?' Nikamwambia sijui. Mpaka leo sijui, mama. Vita vile hakuna aliyenieleza ni vya nini, na waliotutuma hawajafika kwenye kile kilima hata kwa dakika tano. Hapakuwa na sababu ya mtu kufa pale. Na kama ilikuwepo, walisahau kutuambia."

Teresia akachota udongo kwa mkono. "Nimesikia," alisema, akautupia ndani, na makoleo yakaanza kazi.

Upande wa wanaume, Mzee Waitara, baba yake Filemoni, alikuwa ameinua simu juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu anayetafuta mtandao.

*

Mzee Waitara hakuwa na nia mbaya. Aliona mwanawe amejibu kama mwanaume mbele ya watu mia tatu, akaona ni haramu mashemeji wa Susuni na ndugu wa Sirari wakose kuona. Akaiweka video kwenye kundi la ukoo, na chini yake akaandika kwa kidole kimoja, kwa robo saa nzima: *Sikilizeni mwanaume.*

Kufikia siku ya tatu nchi nzima ilikuwa imemsikiliza mwanaume. Kuna aliyeongeza muziki wa huzuni. Kuna aliyemkata Filemoni kichwa na kukiweka juu ya mwili wa simba. Kuna waliomwita shujaa na kuna waliomwita msaliti, na wengi wa makundi yote mawili hawakuwa wamewahi kufika Tarime. Kisha simu ya Filemoni ikaita, akasimama wima kuipokea ingawa alikuwa peke yake bandani, akasema "ndiyo, afande" mara sita.

"Wanakuja," alimwambia Robi. "Nisiondoke nyumbani."

Sasa, mkwe wa Kikurya hamgombezi baba mkwe wake. Hata usoni hamtazami. Chakula chake hukiweka kwenye kigoda na kurudi nyuma hatua tatu. Robi aliijua adabu hiyo na hakuwahi kuivunja tangu aolewe. Kwa hiyo alitoka uani, akaenda kusimama mbele ya beberu aliyefungwa kando ya dirisha la mzee.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti ya kufika ndani. "Mbuzi mzima, una mvi kidevuni, nani alikutuma kushika simu?"

Beberu aliendelea kutafuna.

"Mwanao anakula kwa kazi ile. Wajukuu zako wanalala kwenye nyumba ya kazi ile. Wewe unaona kundi, unarusha. Ungerusha majani, mbuzi, si mdomo wa mwanao!"

Dirisha likakohoa. "Huyo mbuzi," ilisema sauti ya Mzee Waitara, "alidhani anawatumia ndugu peke yao."

"Mbuzi ana ndugu mia na arobaini?"

"Wameongezeka," alisema mzee, kwa unyonge. "Walikuwa wachache wakati kundi linaanza."

Robi alishika kamba ya yule mnyama akakaza fundo ambalo halikuwa limelegea. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na vyote viwili havikuwa na nafasi. Gari la jeshi lilikuwa linapandisha kilima cha shule, na watoto wa kijiji walikuwa wameshaanza kulifuata kwa mbio.

*

Aliyeshuka hakuwa askari wa kukamata watu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na mkoba wa karatasi, akajitambulisha kwa jina la Kapteni Elieth, mwanasheria. Alimwamkia Mzee Waitara shikamoo akiwa ameinamisha kichwa, akakubali kukaa kwenye benchi lisilo na mgongo, akanywa uji wote aliopewa. Robi, aliyekuwa amejiandaa kumchukia, alikosa mahali pa kuanzia.

"Koplo, nitakuuliza machache," alisema Kapteni. "Kile ulichosema kaburini, uliruhusiwa kukisema?"

"Hapana, afande. Lakini ni kweli."

"Sijauliza kama ni kweli. Mimi sikuja kwa ajili ya hilo. Nimekuja kuuliza kama uliruhusiwa."

"Sikuruhusiwa."

"Una lalamiko kuhusu operesheni, kuna njia ya ndani. Unaandika."

"Niliandika, afande. Mara mbili."

"Ukajibiwa?"

"Nilijibiwa nisubiri."

Kapteni alivua miwani akaifuta. Ilikuwa safi. "Nakusikia," alisema. "Hata mimi nina moyo, usidhani waliutoa wakati wa kunipa nyota. Lakini askari ana bunduki. Siku kila mwenye bunduki atakaposimama hadharani kuchagua vita gani anavipenda na vipi havipendi, raia hawa hawatalala. Ndiyo maana unakula kiapo na mwalimu hali kiapo."

"Mimi sikukataa vita, afande. Nilikwenda. Nilikaa mpaka niliporudishwa. Niliulizwa na mama."

"Mama mmoja aliuliza. Waliosikia ni watu laki mbili."

Hapo Mzee Waitara akaona vizuri aende kuangalia ng'ombe.

Kapteni akatoa karatasi moja iliyopigwa chapa na kuiweka mezani. Wakubwa, alisema, hawapendi kelele za mahakama ya kijeshi kama kuna njia nyingine. Filemoni atasoma maneno hayo mbele ya kamera, hapo hapo nyumbani, akiwa na familia. Atapewa karipio, atashushwa cheo, mambo yataisha. Asiposoma, kesi. Na kesi yenyewe haina mashahidi wa kutafuta. Shahidi yumo kwenye kila simu.

"Nitalala Tarime mjini," alisema akiinuka. "Kesho saa nne nitarudi. Mama, ahsante kwa uji. Ulikuwa na ulezi wa kweli."

Walipobaki wawili, Robi aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti mpaka mistari miwili ya mwisho. *Natamka kwamba maneno niliyoyasema hayakuwa ya kweli, niliyasema kwa kuchanganyikiwa na msiba. Marehemu alipatiwa huduma zote kwa wakati.*

"Mistari minne," alisema. "Mistari minne, Baba Ester. Hata wimbo wa shule ni mrefu kuliko huu."

"Wa tatu ndio mbaya."

"Usome haraka haraka."

"Mama Deus ataambiwa nilimdanganya mbele ya kaburi."

"Na mimi nitaambiwa nitoke kwenye nyumba. Ester yuko darasa la sita, amezoea walimu wake. Mdogo wake ana kifua, anatibiwa bure palepale kambini. Deus amekufa, Mungu amrehemu, lakini yeye hatahamishwa popote!" Akajisikia alivyosema, akaziba mdomo kwa kiganja.

Filemoni hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Kuna kitu umesahau," alisema. "Mimi siwezi kuisoma mpaka Mama Deus aniruhusu. Jibu nililitoa kwake. Ni lake."

"Basi nitakwenda kuliomba," alisema Robi.

*

Teresia alikuwa uani, amezungukwa na shemeji zake waliokuja kukaa matanga, wanapepeta ulezi. Robi alisalimia kwa kupiga magoti mbele ya kila mmoja. Alitarajia kuitwa pembeni. Hakuitwa.

"Chukua ungo," alisema Teresia.

Akapepeta. Alikuwa ameishi kambini miaka tisa, mikono imesahau, ulezi ukawa unamwagika. Shemeji mmoja, mwanamke mkubwa aliyeitwa Nyangwine kwa jina la mumewe, akasema, "Huko kwa serikali wanapepeta kwa mashine," na wenzake wakacheka. Robi akacheka nao. Kwa jambo alilokuja kuomba, hakuwa na haki ya kukasirikia kicheko.

"Sema," alisema Teresia.

"Hapa, mama?"

"Alipojibu, watu walikuwepo. Wewe pia sema wakiwepo."

Robi aliweka ungo chini. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakaondoka. "Mama, nimekuja kuomba umruhusu mume wangu aseme alidanganya."

Nyungo zote zikasimama, isipokuwa ule wa Teresia.

"Hana aibu!" alisema Nyangwine. "Udongo haujakauka."

"Mwache. Akisema alidanganya, mwanangu alikufa na nini?"

"Kama karatasi ilivyosema."

"Majukumu."

"Ndiyo, mama."

Teresia akapuliza makapi. "Una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Deus alisema mtoto wako mdogo ana kifua. Alikuwa anamletea asali kutoka huku, akidanganya kwamba ni ya daktari." Akatabasamu kidogo, si kwa Robi. "Aseme. Nilichotaka kusikia nilikisikia. Wangu ameshaondoka; nikiwanyima wako chakula hatarudi. Na nitakuja mwenyewe kesho nikae pale, ili wasiseme kwamba nilikatazwa au nimenuna."

Robi alijaribu kushukuru, Teresia akamrudishia ungo mkononi. "Maliza ulichoanza. Unamwaga mbegu."

Alipepeta mpaka jua likawa juu ya vichwa vyao. Alipoondoka mgongo ulikuwa unawaka, na moyoni alijisikia kama mtu aliyeshinda kesi kwa kumwibia hakimu.

*

Saa nne kamili Kapteni alikuwa amefika na dereva wake, ambaye ndiye angepiga picha. Viti vikapangwa mbele ya nyumba. Mzee Waitara alikaa kushoto, mikono juu ya magoti, simu yake amemkabidhi mkewe kwa hiari. Kulia alikaa Teresia. Alikuwa amevaa gauni lile lile alilomzikia mwanawe, limefuliwa na kupigwa pasi. Filemoni alisimama katikati na kombati yake kamili.

Robi alisimama nyuma ya dereva. Kutoka hapo aliona kila kitu, hata kile ambacho simu haikuwa inaona: jinsi kidole gumba cha mumewe kilivyokuwa kinaisugua pembe ya karatasi mpaka ikalainika.

"Mimi Koplo Filemoni Waitara," alianza, kwa sauti ya gwaride. Akataja namba yake. Akataja siku. Akasema kwamba alizungumza hadharani kuhusu mambo ya kazi. Mpaka hapo alisoma vizuri, na Robi akahesabu moyoni: umebaki mmoja, halafu wa mwisho.

"Natamka kwamba maneno niliyoyasema..."

Akanyamaza. Si kwa sababu Teresia alimkazia macho. Ingekuwa hivyo angeweza. Teresia alikuwa anamtikisia kichwa polepole, midomo ikisogea, akimsaidia, kama mama aliye ng'ambo ya mto anayemwonyesha mtoto jiwe la kukanyaga.

"Soma, baba," alinong'ona. "Mimi sitakasirika."

Filemoni akaishusha karatasi.

"Afande," alisema, "nilisema mambo ya kazi bila ruhusa. Ni kosa. Nilijua ni kosa nikiwa navua kofia. Adhabu yake naipokea yote, siibishanii. Lakini kwamba si kweli, hilo siwezi kulisoma. Huyu mama amekuja kwa miguu kunisaidia kumdanganya. Siwezi."

Dereva alimgeukia Kapteni. Kapteni akamwashiria azime.

"Koplo, unanielewa vizuri? Ulichokiri ndicho kinachokufunga. Ulichokataa ndicho kingekutoa."

"Naelewa, afande."

"Ningekuwa wakili wako ningekuzaba kofi."

"Ndiyo, afande."

Kapteni akaangalia ile karatasi chini, akaangalia mahindi yaliyoanikwa juu ya mabati, akaangalia saa. "Oga," alisema. "Ule. Tunaondoka saa saba."

Wasomaji wa hadithi hupenda mke asimame hapo na kumwambia mumewe kwamba anajivunia. Robi hakujivunia. Aliingia chumbani, akafungua begi la mumewe, akaanza kumkunjia nguo vibaya kwa makusudi, kola ndani nje, soksi moja moja. Teresia akaingia nyuma yake akashika upande wa shati ili wakunje pamoja.

"Toka, mama," alisema Robi, bila kuinua uso. "Tafadhali sana. Leo sikuwezi."

Teresia akaliachia shati akatoka.

*

Kesi ilichukua asubuhi moja. Filemoni alipewa siku arobaini na mbili za kifungo cha jeshi, kisha akaachishwa kazi. Robi alipewa siku saba za kuhama kwenye nyumba ya kambi. Majirani waliokuwa wakiazimana naye chumvi walimsaidia kupakia vitu, lakini walikuja kwa zamu, mmoja mmoja, asikutwe mtu na mwenzake. Kabati halikuingia kwenye gari. Alimwachia mke wa sajini kwa bei ya aibu, na yule mwanamke akamwomba asimwambie mtu amelinunua kutoka kwa nani.

Watu laki mbili walikuwa wameiona video ile. Hakuna hata mmoja aliyekuja Gorong'a kusaidia kutayarisha shamba. Aliyekuja ni Nyangwine, yule shemeji mwenye mdomo, na alilima siku mbili bila kuacha kuwasema.

Mvua zilipokaribia akaja mgeni wa pikipiki kutoka Sirari, kijana aliyeitwa Heche, mwenye kamera inayosimama kwa miguu mitatu na Kiswahili chake kikivuka mpaka na kurudi bila kuonyesha pasi. Aliwakuta Robi na Filemoni katikati ya shamba, wanapanda mahindi. Robi alifukua mashimo na mumewe akafukia mbegu.

"Bro, nimekutafuta!" alisema Heche, akiisimamisha kamera kwenye mstari uliopandwa tayari. "Hiyo stori yako iko moto hadi Nairobi. Tunafanya mahojiano, saa moja tu, na kuna kitu tutakupea. Si kidogo." Akataja kiasi. Robi, aliyekuwa ameinama, akabaki ameinama. Kilikuwa mbolea ya misimu miwili na dawa za kifua mpaka Krismasi.

"Unataka niseme nini?" aliuliza Filemoni.

"Kila kitu! Kile kilima kinaitwaje. Nani alikuwa kwa redio. Mlikaa upande gani, chakula kilikuja na njia gani. Wewe si askari tena, hakuna mtu wa kukuziba mdomo."

Filemoni akafukia mbegu tatu, akakanyaga kidogo kwa kisigino, akasogea hatua moja.

"Kilima kile bado kina watu," alisema.

"Watu gani?"

"Tisa. Tulikuwa kumi na mmoja. Mtoe Deus, nitoe mimi. Hayo mahojiano nani atayaona?"

"Watu wote, bro!"

"Na wale wa upande wa pili wana simu pia."

Heche akacheka kwa kutoamini. "Lakini kwa mazishi ulisema! Mbona huyo mama ulimwambia?"

"Huyo mama aliniuliza habari za mwanawe. Wewe unaniuliza kilima."

Heche akajaribu kwa Robi, kama vijana wote wanavyojaribu. "Shemeji, mwambie basi. Hii si pesa ya kuachwa hivi hivi."

Robi alijinyoosha, mkono kiunoni. Miezi mitatu alikuwa amebeba hasira yake kila mahali, kisimani, sokoni, kanisani, hata usingizini, akingoja siku ambayo mtu atampa sababu ya kuitua kwa faida. Siku yenyewe ilikuwa hii, na sababu ilikuwa na pikipiki na kamera. Akamtazama mumewe, ambaye hakuwa anamwomba kitu kwa macho. Alikuwa anahesabu mbegu mkononi.

"Kijana," alisema, "hiyo kamera yako imesimama juu ya mahindi yangu. Iondoe kabla sijaifukia."

Pikipiki ilipopotea nyuma ya shule walifanya kazi mpaka mwisho wa mstari, wakageuka, wakaanza mwingine.

"Ningenunua mbolea," alisema Robi.

"Najua."

"Ya kupandia na ya kukuzia, zote mbili."

"Najua, Mama Ester."

"Unajua, unajua. Mwenye kujua yote. Hebu tazama ulikotoka, mstari wako umepinda."

Haukuwa umepinda. Ulikuwa umenyooka kiasi cha kuudhi, kama uliopigwa kwa kamba. Filemoni akautazama kwa makini kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi nyuma, akapiga magoti, akaanza kuunyoosha.